Watoto wa Mlangoni

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari mke wangu ameshaniuliza kama kweli sina mahali pa kwenda asubuhi. Walimu wachanga wa kituo chetu cha kutathmini watoto hapa Migori waliniomba niwaandikie mambo niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali, kwanza kwa sababu nawapenda, na pili kwa sababu nimekatazwa kuzurura jikoni. Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari za watoto wasiotulia, kwa maana hao ndio walionifundisha kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Ntimaru. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi kando ya ziwa, upande wa Homa Bay, mahali ambapo sikujua hata kusalimia kwa Kijaluo. Siku ya kwanza nilivaa tai. Mwalimu mkuu alinikabidhi darasa la kwanza, boksi la chaki na rula ndefu ya mbao, akanidokezea kwamba rula ile haikuwa ya kupigia mistari peke yake. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Waliposikia Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kikuria walicheka, nami nikajifanya sikusikia. Kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni, mmoja alikuwa juu ya dirisha, wa pili amekwenda chooni bila ruhusa, na wa tatu yuko chini ya meza yangu akizifunga kamba za viatu vyangu pamoja. Nilipotaka kumfuata yule wa dirishani, nilianguka. Darasa zima lilinipigia makofi, na hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu ya kukaribishwa.

Aliyeniokoa ni Madam Rispa, mwalimu wa darasa la jirani, mama mwenye sauti ya chini na subira ya ajabu. Sisi wengine wote tuliwaketisha watoto watukutu pembeni mwa ukuta, mbali kabisa na mlango, kama askari wa jela. Rispa aliwaketisha mlangoni. Aliwaita hivyo hivyo, watoto wa mlangoni, bila kuwadharau, kama vile mtu anavyosema watoto wa Baba fulani. Nilimuuliza kama haogopi kwamba watatoroka.

"Jakuria," aliniambia, kwa maana hilo ndilo jina nililopewa kule, yaani mtu wa Ukuria, "hao watatoka tu. Afadhali watoke na ruhusa yangu, ndiyo warudi."

Basi kila baada ya wimbo mmoja au hesabu chache, mtoto wa mlangoni alitumwa. Aende ofisini kuleta chaki. Afute ubao. Atoke nje atazame kama mvua inakuja. Kazi ya kutazama mvua iliendelea hata wakati wa kiangazi, na mtoto alirudi na ripoti kamili kwamba hakuna wingu, akaketi, akasoma. Jambo la pili nililojifunza kwake ni kutoa agizo moja tu kwa wakati. Mimi nilikuwa nikisema toeni vitabu, fungueni ukurasa fulani, andikeni tarehe, pigeni mstari chini yake. Yeye alisema toeni vitabu, akangoja mpaka cha mwisho kitoke. Kwa hiyo somo lake lilianza pole pole na kufika mwisho, na langu lilianza mbio na kufia njiani.

Siku moja aliniambia kwamba mimi pia ni wa mlangoni, eti nikifundisha natembea kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nilinuna muhula mzima. Baadaye nikaona ni kweli, nikaacha kununa.

Miaka ikapita, nikaenda kusomea elimu maalum wakati wa likizo. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza zile herufi nne, ADHD. Mkufunzi alitueleza kwamba ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, na mara nyingi hupita katika ukoo. Si utundu, si malezi mabaya, si laana. Wengine hukimbia, hukatiza maneno ya watu na kuropoka majibu kabla swali halijaisha. Wengine huketi kimya kabisa huku mawazo yao yameshaondoka. Nilitabasamu peke yangu, kwa maana nusu ya somo hilo nilishafundishwa na Rispa. Nusu nyingine ilikuwa mpya kwangu: kwamba hali hii haiishii darasa la kwanza, bali humfuata mtoto akikua, ikibadilika sura kila anapobadilisha sare.

Baada ya mafunzo nilipelekwa kituo cha tathmini, nikaacha rula nikapewa pikipiki na mkoba. Mkobani mlikuwa na shanga, kadi za picha, njuga ndogo ya kupimia usikivu na kitambaa cha kufutia vumbi, kwa sababu barabara zetu mnazijua. Mnisikilize vizuri hapa. Msikimbilie zile herufi nne. Wakati mmoja nililetewa mtoto kutoka visiwani ambaye mwalimu wake aliapa kwamba ana ADHD, hasikii, hatii, yuko katika dunia yake. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akamtoa punje ya mahindi sikioni, na ADHD ikaisha hapo hapo. Mwingine alikuwa akisinzia na kurukaruka kwa zamu kwa sababu alikesha ufuoni na mama yake wakianika omena, wale dagaa wa ziwani. Anzeni na masikio, macho, njaa na usingizi. Ulizeni kama kuna kilio nyumbani. Mkishamaliza hayo yote ndipo mumtafute daktari, maana jina la ugonjwa au hali si la mwalimu kumbandika mtoto.

Sasa nije kwa Akinyi, ambaye ndiye hasa sababu ya kuandika haya.

Akinyi alikuwa mwanafunzi wa shule ile ile yangu ya kwanza. Alianza kwa Rispa, akakaa mlangoni, akawa mtaalamu wa mvua. Kisha Rispa akastaafu na Akinyi akapanda madarasa, na huko juu hakuna aliyekuwa na muda wa kumtuma nje. Elimu ya bure ilikuwa imeingia na mwalimu mmoja alikuwa na watoto wa kujaza kanisa. Darasa la nne alipoteza kalamu, sweta, na siku moja kiatu kimoja, wala hakuna aliyeweza kueleza ule mguu mwingine ulirudije nyumbani. Monita alikuwa akiandika jina lake kwenye orodha ya wapiga kelele kabla hajafika shuleni, ili kuokoa wakati. Alirudia darasa la nne. Akarudia la sita. Wizara ilikuwa imekataza mambo ya kurudia, lakini wizara iko Nairobi.

Nilipoitwa kumtazama alikuwa darasa la saba, mrefu kuliko baadhi ya walimu wa mazoezi. Kukimbia kulikuwa kumepungua. Sasa mbio zilikuwa ndani. Ukimuuliza swali akiwa amesimama, alijibu vizuri mpaka ukashangaa. Ukimpa karatasi ya mtihani, ukurasa wa kwanza aliujaza, wa pili akarukaruka, wa tatu akachora kuku, kisha akakusanya karatasi na kutoka. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na wakubwa wake, alinieleza bila kuzunguka: "Mwalimu Chacha, huyu atatuvutia mean chini. Arudie seven, ama umpeleke special unit." Mean ni wastani wa alama za shule nzima. Kile kitengo maalum kilikuwa cha watoto wenye mahitaji tofauti kabisa, na Akinyi hakuwa mmoja wao. Kuhusu kurudia, baba yake alikuwa ameshasema kwamba mtoto wake harudii mara ya tatu. Wakimrudisha nyuma tena, masomo yameisha, ataenda kwa shangazi yake kule Sori kuuza samaki.

Kwa hiyo mlango ulibaki mmoja. Niliomba nipewe muda hadi mtihani wa mwisho wa mwaka, na mwalimu mkuu akakubali kwa sharti kwamba Akinyi amalize karatasi zote. Akizimaliza ataingia la nane. Asipomaliza, Sori.

Nilikwenda nyumbani kwao. Niliwakuta baba, mama, na bibi mmoja mzee aliyeitwa Nyanya Yunia, ameketi kwenye mkeka akichambua omena. Ili mnielewe, lazima niwaeleze desturi moja. Kwa Wajaluo mtoto hupewa jina la jamaa aliyekufa, na mara nyingi marehemu mwenyewe humjia mtu ndotoni kudai jina lake liitwe. Mtoto akikua, watu hutazamia afanane naye kwa tabia. Akinyi alipewa jina la mama mzazi wa baba yake. Nyanya Yunia alikuwa mke mwenza wa marehemu huyo, na waliishi boma moja tangu usichana wao.

"Mwalimu, hii mtoto si mgonjwa," baba aliniambia kwa upole. "Hii ni mama yangu amerudi."

Alinisimulia kwamba mama yake hakuwahi kukaa matanga hadi mwisho, kwamba aliinjika chungu na kwenda sokoni, kwamba alianza kusuka mikeka mingi na kuimalizia ikawa kazi ya majirani. Nilifurahi kimoyomoyo. Nilikuwa nimekuja na maswali yangu ya kuuliza kama kuna mtu mwingine wa namna hii katika ukoo, na sikuhitaji kufungua mkoba.

Lakini habari haikuishia hapo. Baba zake wadogo walikuwa wameketi wakaamua kwamba ni jina ndilo linalomsumbua mtoto. Likizo ya Agosti wangempa jina lingine, la shangazi mmoja wa zamani ambaye sifa yake kuu maishani ilikuwa kuketi. Mbuzi alikuwa ameshanunuliwa. Akinyi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akikunjakunja ukingo wa sketi yake, na uso wake ulinitia uchungu. Shule ilitaka kumwondoa darasani, na nyumbani walitaka kumwondolea jina. Mimi mgeni, tena Mkuria, na kwetu pia majina hutoka kwa wazee, ningesema nini? Niliuliza swali moja tu. Niliuliza yule mama, kwa kichwa kile, aliwezaje kufanya biashara na kulea watoto maisha yake yote.

Aliyejibu ni Nyanya Yunia, na hakujibu kama mshauri, alijibu kama mlalamishi. Alitumia Kiswahili chake cha sokoni, na pale kilipokwama baba alimsaidia. Alisema mwanamke yule alikuwa balaa. Alimwachia samaki wake sokoni akaenda kusalimia watu. Alikwenda kisimani akarudi bila mtungi. Yunia alichoka kumkimbilia, basi kila asubuhi alimvuta kwa leso yake na kumfungia mafundo kwenye pindo, moja la chumvi, moja la kuni, moja la deni la mtu. Aliyakaza kwa meno ili yasifunguke bure. Marehemu akimaliza jambo alifungua fundo lake. Akirudi nyumbani Yunia aliikagua leso, na kila fundo lililobaki lilikuwa na ugomvi wake.

Mafunzoni tulielezwa kwamba mtu wa hali hii husaidiwa na ukumbusho anaoweza kuushika kwa mkono, kazi iliyokatwa vipande vidogo, na mtu wa karibu wa kumfuatilia bila kuchoka. Vyote vilikuwa katika leso ile, pamoja na ugomvi, ambao mkufunzi wetu hakuupendekeza.

Baba alishukuru, kisha akairudia habari ya mbuzi na jina jipya, kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Yunia aliacha kuchambua. Mikono yake ilibaki juu ya omena.

"Mkitoa jina yake," alisema, "mimi nitagombana na nani?"

Mke mwenza wake alikuwa amekufa miaka mingi, na muda wote ule sisi tulidhani anamsema vibaya. Nilitazama nje kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha. Yunia akarudi kwa omena zake, na habari ya kubadilisha jina haikutajwa tena katika boma lile. Mbuzi alibaki, akazaa.

Nilimtengenezea Akinyi uzi wa katani wa kuvaa mkononi, wenye fundo moja kwa kila ukurasa wa mtihani. Akimaliza ukurasa anafungua fundo, anasimama, ananyoosha mgongo, anaketi tena. Mwalimu wake wa darasa alikubali, akamrudisha mlangoni. Wiki ya kwanza Akinyi alifungua mafundo yote kwa pamoja ili aone yatakuwaje. Wiki ya pili alimfunga mwenzake kwenye dawati. Nilitaka kukata tamaa, lakini Nyanya Yunia alikuwa ameshalichukua jambo lile kuwa lake. Kila jioni aliukagua uzi na kupiga kelele, na Akinyi naye akamjibu, na mama yake akaniambia kwamba nyumba haijawahi kuwa na furaha namna ile tangu marehemu alipoondoka. Kufikia muhula wa tatu, Akinyi alikuwa akifika ukurasa wa mwisho, na kuku wa kuchorwa walikuwa wamepungua.

Siku ya mtihani walimu walibadilishana shule, ili asiwepo wa kuwahurumia wake. Msimamizi aliyekuja kwetu alikuwa kijana makini, mwenye macho ya kuona kila kitu. Mimi nilikuwa nimeomba nikae nje, karibu na dirisha, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila jambo isipokuwa lililotokea. Karatasi zilikuwa ndiyo kwanza zimegawanywa alipouona uzi.

"Hii ni mwakenya," alisema.

Mwakenya, kwa wale wenu mnaojifanya hamjui, ni kijikaratasi cha kuibia mtihani. Kijana alikuwa ameona zilizoandikwa kwenye mapaja, kwenye rula na kwenye kamba za viatu, basi akaamini kwamba mafundo nayo yana siri. Aliukata uzi akautia mfukoni. Sikuruhusiwa kuingia wala kusema neno wakati wa mtihani. Akinyi akasimama. Alitazama mkono wake mtupu, kisha akautazama mlango. Ulikuwa wazi, hatua chache tu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba aketi pale. Nje kulikuwa na jua, uwanja, na barabara ya kwenda Sori. Sijawahi kumwomba Mungu kwa bidii kama nilivyomwomba pale dirishani, na nilimwomba kwa Kikuria.

Akinyi aliketi. Akafungua mshipi wa kitambaa wa gauni lake, akauweka mapajani, akaanza kuufunga mafundo. Kila moja alilikaza kwa meno, kama Yunia. Alipomaliza alichukua penseli.

Baada ya kitambo msimamizi alitoka nje akanijia, jasho linamtoka. Alisema mtoto yule sasa amefunga mafundo kwenye mshipi, afanye nini. Nilimwambia mshipi ni sehemu ya sare ya shule. Alifikiri kidogo. "Siwezi kumvua mtoto mshipi, mwalimu," alisema, akarudi ndani, na kutoka hapo alimwacha afungue mafundo yake na kusimama apendavyo. Akinyi alimaliza karatasi hiyo, na zilizofuata zote. Alama alizopata ni zake. Aliingia darasa la nane, akaenda sekondari, na wale samaki wa Sori wakauzwa na mtu mwingine.

Siku ile nilifurahi kupita siku zote za kazi yangu. Uzi nilimpa mimi, lakini mafundo ya mshipi alijifunga mwenyewe.

Baadaye nilihamishiwa Migori na kazi yangu ikawa zaidi na shule za sekondari. Msiwachukulie vijana kama watoto wakubwa. Pale Kegonga kulikuwa na Marwa, kidato cha pili, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumlalamikia kwa sababu hakupiga kelele. Nilimgundua kwa insha zake. Kila insha ilikuwa na aya ya kwanza nzuri ajabu, kisha karatasi nyeupe. Nilipomwonyesha uzi wa mafundo alinikatalia kwa heshima zote, akasema yeye si mtoto wa nasari. Alikuwa na haki. Kijana wa umri ule anaogopa aibu kuliko sifuri, basi ukitaka kumsaidia usimsaidie mbele ya wenzake.

"Si eti sitaki kusoma, mwalimu," aliniambia tulipobaki wawili. "Akili inatoka tu bila kuniaga."

Nilimuuliza inatoka lini na inarudi lini, na hapo kazi ikaanza kuwa yake. Aligundua mwenyewe kwamba anashika vizuri akitembea. Tukamwombea ruhusa ya kusoma kwa sauti nyuma ya bwalo, yeye na rafiki yake, wakipishana kama walinzi wa benki, wakati wenzao wako kwenye masomo ya jioni. Tulimpeleka pia kwa daktari, akamwandikia dawa, na zilimsaidia. Baba yake aliogopa kwamba watu watasema mwanawe ni mwendawazimu, ikabidi ninywe chai nyingi kwake kabla hajakubali. Dawa si za kila mtoto, wala si muujiza, lakini anayezihitaji asinyimwe kwa sababu ya majirani.

Wala msidhani hali hii huisha mtu akipata kitambulisho. Akinyi alipomaliza shule alianza chuo akaacha, akaanza ususi akaacha. Akaajiriwa Rongo katika duka la vitambaa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka pwani, mzee mpole aliyempenda kwa wepesi wake na wateja. Tatizo lilikuwa jioni. Alikwenda nyumbani akaacha duka wazi, na mara ya pili mzee alimshauri atafute kazi isiyo na kufuli. Akafungua hoteli yake ndogo karibu na soko, mahali ambapo mtu anatakiwa kufanya mambo mengi kwa pamoja akiwa amesimama, na hapo akatulia. Kila asubuhi leso yake ilikuwa na mafundo ya sukari, makaa na unga. Nyanya Yunia alifariki katika miaka hiyo. Nilikwenda kwenye mazishi, na Akinyi alihudumu tangu asubuhi hadi jioni bila kuketi, na kila nilipomwona alikuwa akifuta machozi kwa pindo la leso.

Sasa mwezi uliopita mliniandalia sherehe ya kuniaga. Kamati iliponiuliza chakula kipikwe na nani, nilimtaja Akinyi. Mweka hazina, ambaye amewahi kula pale na kuletewa chai ya mtu mwingine, aliuliza kama nataka kustaafu na njaa. Nilishikilia. Akinyi alifika na pikapu yake ya kukodi kabla hata hema halijasimama. Alishusha wali, kuku, samaki, ugali na mboga za kienyeji, na kila sufuria ilipotua alifungua fundo. Hotuba zilipoanza alisimama mlangoni mwa ukumbi, na nilipoona amechoka kusikiliza nilimtuma nje akaangalie kama mvua inakuja. Alicheka mpaka mgeni rasmi akanyamaza.

Watu walipotawanyika alikuja kuniaga. Niliona fundo moja limebaki kwenye pindo la leso, dogo, limekazwa sana, nikamuuliza ni la nini.

Alilishika, akalitazama. "Sijui, mwalimu," alisema. "Nimesahau."

Tulicheka, akapanda pikapu, nami nikaketi kwenye kiti changu cha mgeni wa heshima kilichokuwa kimebaki peke yake. Pikapu ilifika langoni ikasimama. Akinyi akashuka, akazunguka upande wa pili, akamshusha mtoto wa kike wa kama miaka mitatu, akaja naye mbio amemshika mkono.

"Nimekumbuka," alisema huku akihema. "Ilikuwa nikuonyeshe huyu. Alikuwa amelala huko mbele. Anaitwa Yunia. Nyanya alinijia usingizini akigomba, nikajua tu."

Akafungua lile fundo. Nilichuchumaa nikamsalimia mtoto. Alikuwa na sweta iliyofungwa vifungo vyote na viatu vyote viwili. Alinipa mkono, hakutabasamu, kisha akanipita kwa macho akatazama ukumbini, na uso ukamkunjamana.

"Mama," alisema, "sufuria."

Tuligeuka sote wawili. Ilikuwa pale mlangoni, ile kubwa ya wali, na kifuniko chake juu.